Tisa kwa tisa

Mechi ya tenisi ilikuwa imefika tisa kwa tisa.

Seti ya kwanza ilikuwa ya Wakanada, 6-3. Ya pili ikaenda kwa Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, 6-4. Ni fainali ya wasichana wawili wawili, Wimbledon, Julai 2022. Badala ya seti ya tatu ilichezwa taibreka ndefu, ya kufika 10, na lazima umwache mpinzani kwa pointi 2. Matokeo yaliyoandikwa ni 11-9. Anayejua hesabu ya taibreka anajua kwamba 11-9 haipatikani bila kupitia 9-9. Kwa hiyo palikuwa na sekunde chache ambapo wasichana wanne walisimama kwenye nyasi ile, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa nukta.

Pointi mbili baadaye Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, katika ngazi ya vijana.

Upande wa pili wa wavu walibaki Kayla Cross na msichana wa miaka 15 aliyeitwa Victoria Mboko.

Jina likarudi

Agosti 7, 2025, Mboko alimfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 katika fainali ya shindano la Montreal, Kanada. Njiani alikuwa amewatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina. Wote wanne wana mataji ya Grand Slam ya wakubwa. Yeye alikuwa hajafikisha miaka 19.

Okutoyi naye alikuwa na miaka 21, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama.

Tangu hapo swali limenikaa kichwani kama kokoto kwenye kiatu: katikati palitokea nini? Hapa Nairobi jibu huwa tayari kabla hujamaliza kuuliza. Pesa. Halafu serikali. Yote mawili ni kweli, na yote mawili ni ya uvivu. Kusema ni pesa ni kama fundi akuambie gari limesimama kwa sababu haliendi. Ni pesa ya nini? Inakosekana wiki gani, kwenye hatua ipi?

Nyumba yenye raketi mbili

Nilianzia kwenye familia, kwa kuwa ndiko kila hadithi ya tenisi huanzia. Wasichana hawa wawili wanafanana hapo kuliko inavyodhaniwa.

Mboko ni kitinda mimba wa watoto wanne. Wazazi wake walitoka Kongo. Yeye alizaliwa Charlotte, Marekani, akakulia upande wa Toronto. Kaka na dada zake walimtangulia uwanjani, naye akawafuata tangu akiwa mdogo.

Okutoyi na pacha wake, Roselinda Asumwa, walimpoteza mama yao wakati wa kuzaliwa. Walilelewa na nyanya yao Loresho, mtaa wa Nairobi, alikokuwa akifanya kazi katika shule ya msingi. Mjomba wao alikuwa kocha wa tenisi. Pacha wote wawili walishika raketi, na wote wawili wakaja kuichezea Kenya.

Watu wakiona hivyo husema ni damu. Sikatai. Ila keti kando ya uwanja wowote asubuhi ya Jumamosi na utaona kwamba familia hutoa kitu kinachohesabika kwa saa ya ukutani.

Tuchukue mtoto anayecheza saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka. Hizo ni saa 480. Asiye na ndugu anayecheza lazima amtafute mtu wa kusimama upande wa pili. Tuseme, kwa mfano tu, mtu huyo analipwa shilingi 1,000 kwa saa: 480,000 kwa mwaka, kabla hujanunua hata mpira mmoja. Mwenye pacha anazipata saa hizo bure.

Na si saa za kawaida. Kocha akisimama na kikapu na kukurushia mipira, yote inakuja kwa kimo kilekile na kasi ileile. Mkono unajifunza pigo, lakini macho hayajifunzi chochote. Mpira uliopigwa na mtu unakuja mmoja chini, mwingine na mzunguko, mwingine umegonga fremu na kudondoka fupi. Hapo ndipo mtoto anajifunza karuko kale kadogo ka miguu miwili, ambako lazima katue wakati raketi ya mpinzani inagusa mpira. Kakitua mapema umeganda. Kakichelewa bado uko hewani na mpira umeshapita. Hakuna kikapu kinachofundisha hilo.

Ila ndugu nao wana kasoro yao. Baada ya miaka kadhaa wanajuana mno. Kila mmoja anaisoma sevu ya mwenzake, lile pigo la kuanzisha pointi, kabla mpira haujarushwa, na mmoja huwa ameshazoea kushinda nyumbani na mwingine kushindwa. Makocha wazuri huivunja hali hiyo kwa masharti. Sevu ya pili tu, hakuna ya kwanza. Mpira wote wa mshazari, nusu moja ya uwanja. Gemu inaanzia 0-30, yaani pointi mbili nyuma, kwa yule anayeshinda kila siku. Bila masharti hayo unapata watoto wawili wanaopendeza sana mazoezini, halafu kwenye raundi ya kwanza ya shindano wanapotea.

Kuna kitu cha tatu ambacho familia za michezo hutoa, na hiki kilinichukua muda kukiona. Christian Ruud wa Norway alifika nafasi ya 39 duniani. Mwanawe Casper akafika ya 2. Kathy May alikuwa katika 10 bora miaka ya 1970, na mwanawe ni Taylor Fritz, naye mchezaji wa tenisi. Petr Korda alishinda Australian Open mwaka 1998. Mwanawe Sebastian anacheza tenisi, lakini mabinti zake, Jessica na Nelly, walienda kwenye gofu, na Nelly akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo.

Hao wa gofu ndio walionifungua macho. Ingekuwa ni siri ya mkono wa tenisi, wasingefika popote na fimbo. Walichokirithi ni kuijua wiki ya mchezaji wa kulipwa. Kulala saa ngapi, shindano gani la kuruka, maumivu gani ya kiwiko ni ya kupumzika na yapi ni ya kuvumilia, na kwamba kushindwa raundi ya kwanza siku ya Jumanne si msiba. Baba aliyepita njia hiyo anamwambia mtoto, basi lile litapita saa nane, usikimbie. Asiyepita anakimbia pamoja na mtoto.

Afrika nayo ina mfano wake. Zacharie Noah, Mkameruni, alishinda Kombe la Ufaransa na timu ya Sedan mwaka 1961, mpira wa miguu. Mwanawe Yannick akashinda Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, mwaka 1983. Mjukuu, Joakim, akacheza kikapu NBA. Vizazi vitatu, michezo mitatu. Lakini tazama katikati: mwaka 1971 Arthur Ashe, mchezaji tenisi wa Marekani, alimwona Yannick akiwa bado mtoto kule Yaoundé, na baada ya hapo kijana akapelekwa Nice. Nyumba yote ile ya michezo, na bado ilibidi aondoke.

Mpira wa Nairobi

Nafungua mabano hapa, maana jambo hili halisemwi vya kutosha.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, kuanzia mita 1,219 kwenda juu unaruhusiwa kutumia mpira wa aina yake, wa nyanda za juu. Mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu unatakiwa udunde kati ya sentimita 135 na 147. Huu wa nyanda za juu unapimwa kwa mdundo mfupi zaidi, sentimita 122 hadi 135. Sababu ni kwamba hewa ya huku ni nyepesi. Haiuzuii mpira, na mzunguko uliouwekea mpira haupati hewa ya kutosha ya kuushusha. Pigo ambalo Mombasa lingeangukia ndani ya mstari, hapa linatoka nje nusu mita.

Mtoto wa Nairobi hujirekebisha bila kujua. Anafupisha mkono, anamaliza pigo mapema, anakaza nyuzi. Halafu anashuka kwenda Accra au London na kila kitu kinakuwa kizito. Mipira yake inaanguka kwenye mstari wa sevu, mita 6.40 tu kutoka kwenye wavu, na mpinzani anaingia na kumaliza. Anaporudi benchi anadhani amesahau kucheza. Hajasahau kitu. Anapiga pigo la Nairobi kwenye hewa ya pwani.

Tiba yake inajulikana: legeza nyuzi kwa pauni 2 hadi 3 ukishuka, uzikaze ukipanda, na ufike siku kadhaa mapema. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu siku kadhaa mapema ni usiku kadhaa wa hoteli.

Na kwa kuwa tumezitaja nyuzi: rola moja ina mita 200. Raketi moja inakula kama mita 12, hivyo rola inatoa raketi 16 hivi. Nyuzi za poliesta, ambazo karibu wote wa ngazi hii wanazitumia, haziishi kwa kukatika. Zinakufa kabla, mvuto unaisha baada ya saa kumi na kitu za kucheza, hata kama kwa macho bado ni nzima. Asiye na pesa anaendelea kuzichezea mpaka zikatike. Mpira unaanza kuruka ovyo, naye analazimisha kwa mkono, na miezi michache baadaye kiwiko kinauma. Watu wanasema ana mkosi wa majeraha. Ukiona kijana anabonyeza nyuzi kwa kidole gumba na kukunja uso, mara nyingi hajali mwonekano wake. Anajua zimekufa na anajua mfukoni mna nini.

Nafunga mabano.

Robo ya 750

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka mara ya kwanza.

Nilikuwa nikidhani taji la Wimbledon la vijana ni daraja. Unalivuka, uko upande wa wakubwa. Kisha nikazifuata pointi zenyewe. Bingwa wa wawili wawili katika Grand Slam ya vijana anapata pointi 750. Lakini orodha ya vijana inachanganya matokeo 6 bora ya mmoja mmoja na robo tu ya matokeo 6 bora ya wawili wawili. Robo ya 750 ni 187.5. Na kwenye orodha ya WTA, chama cha wanawake wa kulipwa, ile ya wakubwa, Wimbledon ya vijana inaandika sifuri.

Sifuri.

Siku ile nyasi zilipokuwa bado ni za kijani kwenye soli za viatu vyake, Okutoyi alikuwa bado yuko chini kabisa ya ngazi ya wakubwa, pamoja na mamia ya wengine. Alikuwa na sifa, na sifa husaidia: kama si taji lile na raundi ya tatu aliyofika Australian Open ya vijana mwezi Januari mwaka uleule, sidhani chuo cha Marekani kingemwona upesi hivyo. Lakini ngazi haisomi magazeti.

Ngazi yenyewe iko hivi. Chini kabisa kuna W15, kisha W35, W50, W75, W100, ndipo uingie mashindano ya WTA. Namba ndiyo pointi za bingwa: ukishinda W15 unapata 15. Kwenye W15, ukishinda mechi yako ya kwanza na kutolewa ya pili, unapata pointi 1. Ukitolewa ya kwanza hupati kitu. Na ili jina lako lionekane kwenye orodha, lazima uwe na pointi kutoka mashindano 3, au jumla ya pointi 10. Kila pointi inakufa baada ya wiki 52. Kwa hiyo mwaka wa pili huanzi ulipoishia. Unaanza kwa kulinda ulichonacho, na ukiumia mguu miezi 4, kilichokuwa chako kinaondoka chenyewe wiki baada ya wiki.

Fedha nazo: aliyetolewa raundi ya kwanza ya W15 hapati hata dola 200, na hapo kodi haijakatwa. Tuseme hoteli ni dola 60, usiku 6: tayari ni 360. Bado tiketi ya ndege, chakula, nyuzi. Hata bingwa wa wiki ile anaondoka na dola elfu mbili na mia kadhaa. Ndiyo maana wachezaji huenda kukaa mji mmoja, Monastir au Sharm el-Sheikh, ambako W15 hufuatana wiki baada ya wiki. Tiketi moja, wiki 4, nafasi 4 za kujaribu. Ukishindwa wiki ya kwanza hujarudi nyumbani, umekuwa mtu wa mazoezi wa walioshinda.

Siku 18

Jambo la pili lililonigeuza ni kalenda, na hili halihusu kipaji hata kidogo.

Orodha ya kuingia mashindano haya hufungwa siku ya Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya shindano. Ukitaka kujitoa bila adhabu, mwisho ni Jumanne, siku 13 kabla. Kwa mwenye pasipoti ya Kanada, siku 18 ni nyingi. Anaangalia orodha, anaona kama ameingia, ananunua tiketi.

Mwenye pasipoti ya Kenya akitaka kwenda kucheza Ufaransa au Hispania anahitaji viza ya Schengen, na muda wa kawaida wa kushughulikia ombi ni siku 15. Hapo bado hujapata miadi ya kupeleka ombi lenyewe. Kwa hiyo lazima aombe viza ya shindano ambalo hajui kama ataingia, au asubiri ajue halafu achelewe. Njia ya tatu ni kwenda kule ambako viza inapatikana haraka, hata kama uwanja wa huko haumfai.

Mboko alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora. Nalirudia, kwa sababu linasahaulika: Januari ile alikuwa kwenye tope lilelile la W35, baada ya shida za goti. Mashindano yake ya kwanza yalikuwa visiwani, Martinique na Guadeloupe, maeneo ya Ufaransa katika Karibiani. Alishinda mechi 22 mfululizo mwanzoni mwa mwaka bila kupoteza seti. Hiyo ni kazi yake mwenyewe na hakuna wa kumpokonya. Lakini pasipoti ya Kanada inaingia Martinique bila viza. Ya Kenya haiingii.

Accra

Machi 2024 Okutoyi alishinda dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra. Bingwa wa Afrika alikuwa na nafasi ya Olimpiki ya Paris, kwa sharti moja: kufikia Juni 10 awe ndani ya 400 bora duniani.

Hakufika. Paris ikampita.

Wakati ule nililiona sharti hilo kama dharau kwa bara zima, na bado halinikai vizuri. Lakini iweke kwenye kalenda uone lilivyobana. Msimu wa timu za vyuo vya Marekani unaanza Januari na kumalizika Mei. Miezi hiyo mchezaji wa chuo anapigania chuo chake, na mechi hizo hazimpi pointi ya WTA hata moja. Kutoka mwisho wa msimu hadi Juni 10 zinabaki wiki za kuhesabu kwa vidole. Hata angeshinda W15 tano mfululizo, ni pointi 75, na 75 haikupeleki ndani ya 400.

Kwa hiyo medali ilikuwa shingoni na mlango ulikuwa umeshafungwa, kwa sababu ya jinsi miezi ilivyopangwa.

Chuo ni njia au ni mchepuko?

Hapa sina uhakika, na nimebadilisha mawazo mara tatu.

Hoja ya chuo ni nzito. Ufadhili kamili maana yake ni kocha, daktari wa viungo, gimu, nyuzi, mipira, chakula, na digrii mwishoni. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili wa namna hiyo kwa wachezaji 8. Kwa msichana wa Loresho hesabu hiyo haina mpinzani. Ukiupima mwaka mmoja wa Auburn kwa shilingi, hakuna mfadhili wa Nairobi niliyemsikia akitoa hata nusu yake. Na si njia ya walioshindwa. Paul Wekesa, ambaye mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani, juu kuliko Mkenya yeyote, naye alipitia chuo Marekani. Alimaliza na mataji 3 ya wawili wawili ya ATP, chama cha wanaume wa kulipwa.

Ben Shelton alitoka chuoni akiwa na taji la NCAA, la vyuo vya Marekani, na kocha wake wa chuo alikuwa baba yake, Bryan, aliyewahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Hapo unaona tena ile ramani ya familia: baba alijua ni lini mwanawe ameiva kutoka.

Upande wa pili ni huo wa kalenda. Chuo kinakupa kila kitu isipokuwa pointi. Anayetoka na miaka 22 anaanza pale ambapo wenzake walianza na 17. Lakini basi, mwenzake wa Nairobi aliyekataa chuo na kubaki nyumbani, angezipata wapi hizo pointi?

Swali hilo ndilo lililonitoa kwenye chuo na kunirudisha Montreal.

Mwaliko

Mboko aliingia shindano la Montreal kwa mwaliko. Wiki ile alikuwa wa 85 duniani, lakini majina ya mashindano makubwa hufungwa wiki kadhaa kabla, na waandaaji wanabakiza nafasi chache za kuwapa wanaowataka. Wanaowataka, kokote duniani, ni watoto wa nyumbani. Nchi yenye shindano la WTA la pointi 1,000 ina mlango wa pointi 1,000 wa kumfungulia mtoto wake. Alipewa mlango, akaingia, akawafunga mabingwa wanne. Kuingia alisaidiwa. Kushinda hakuna aliyemsaidia.

Hii ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta, na siiti pesa tena. Familia humfikisha mchezaji mpaka miaka 17 au 18 hivi, na familia zote mbili, ya Kongo na ya Loresho, zilifika hapo. Ushahidi ni ile 9-9. Baada ya hapo kinachohitajika ni shindano la nyumbani lenye uzito. Ukiwa na la nyumbani hulipi hoteli, huombi viza, unaijua hewa, unaujua mdundo, na kuna mtu mwenye kalamu anayeweza kuliandika jina lako.

Sisi tuna kalamu hiyo pia. Nairobi imewahi kuandaa mashindano ya wanawake ya ngazi za chini, na udongo mwekundu wa vilabu vyetu ni mzuri ukitunzwa: unamwagiwa maji asubuhi, unaburutwa wavu baada ya kila mechi, mistari inafagiliwa. Wageni wanakuja na kulalamika kuwa mpira unaruka. Hiyo ni faida ambayo mtoto wa Nairobi hailipii.

Lakini tazama mlango wetu una upana gani. Droo ya W35 ina wachezaji 32. Wanaotoka kwenye michujo ni 8, na nafasi za mwaliko ni 4. Msichana anayepewa moja ya hizo 4, akamtoa mgeni wa raundi ya kwanza, anapata pointi 4. Kwa pointi 10 za kuonekana kwenye orodha bado anahitaji nyingine 6 wiki ijayo. Na wiki ijayo, kalenda ikiwa kama kawaida, shindano haliko Nairobi. Liko mahali ambapo orodha yake ilifungwa wiki mbili zilizopita, Alhamisi, wakati yeye alikuwa bado hajui kama jina lake litaandikwa kwenye mojawapo ya ile mistari minne.